Pikapu Inazimazima Msimu wa Kusi: Mwongozo Kamili wa Kusaka Hitilafu Inayokuja na Kwenda

Kusi ikishaingia Malindi, malalamiko huwa ni yale yale. Pikapu iliyopita kaskazi nzima bila taabu inaanza kumisi (injini kukosa mapigo) alfajiri, inazima ikikaribia daraja la Sabaki, kisha inawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Ikifikishwa kwa fundi, inanguruma vizuri. Mwenye gari anabadilishiwa plagi, baadaye pampu, baadaye sensa. Pesa zinakwisha na gari bado linazima.

Wengi hushindwa kwa sababu moja: wananunua kifaa kabla ya kuikamata hitilafu. Hitilafu ya kudumu unaweza kuibahatisha ukapata. Hii inayokuja na kwenda itakudanganya, kwa sababu gari litatulia siku kadhaa lenyewe hata ukiwa umebadilisha kitu kisichohusika. Tena, ukibadilisha kifaa lazima uchomoe konekta (kiungio cha nyaya) na kuirudisha, na huko kuigusa tu kunaweza kukwangua kutu na kuleta nafuu ya wiki moja. Utakisifu kifaa kipya, na kumbe tatizo lilikuwa konekta.

Mwongozo huu unafaa pikapu tunazoziona kila siku hapa: Hilux za dizeli zenye pampu ya kawaida (2L, 3L, 5L), Hilux za D-4D (dizeli za kompyuta zenye presha ya juu), Isuzu, Nissan, na zile za petroli. Fuata mpangilio ulivyo, maana kila hatua inatayarisha inayofuata.

## Vifaa vya kutayarisha

- Mita ya umeme ya dijitali. Ya bei nafuu inatosha, mradi isome volti za DC hadi sehemu ya mia.
- Spana namba 8, 10, 12 na 14, bisibisi bapa na ya nyota, na koleo.
- Brashi ya waya, msasa laini na mswaki uliozeeka.
- Bekingi soda na maji ya uvuguvugu.
- Spirei ya kusafishia konekta za umeme. Spirei ya kulainishia boliti si mbadala wake.
- Vaselini.
- Kebo za jampa, zile za kuwashia gari kwa betri ya gari jingine.
- Chupa ya kunyunyizia maji kama anayotumia kinyozi.
- Mrija wa plastiki unaoonyesha ndani, futi 2 hivi, wa upana wa mpira wa dizeli wa gari lako, na klempu zake. Huu ni kwa dizeli ya pampu ya kawaida.
- Chupa 2 za plastiki zinazoonyesha ndani, safi na kavu.
- Kifaa cha kusomea kodi (namba za hitilafu zinazohifadhiwa na kompyuta), kama gari lina kompyuta ya injini.
- Daftari, kalamu na tochi.
- Mtu wa pili wa kukupigia stata.

Kazi hii usiifanye umevaa kikoi, kanzu, buibui wala leso. Feni na mkanda wa injini havikupi nafasi ya pili. Vaa suruali na shati la mikono mifupi, vua pete na saa. Injini isingurume ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, nayo inaua. Sigara iwe mbali.

## Kwa nini msimu huu?

Kusi inavuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, ikianza na mvua za masika, na Julai na Agosti huwa ndio ubaridi wetu. Baridi yenyewe haina kosa. Dizeli huanza kuganda nta kwenye baridi kali, na Malindi haifiki hata karibu na hapo. Kwa hiyo usikubali kuuziwa dawa ya kuzuia dizeli kuganda.

Adui wetu ni unyevu ukiungana na chumvi. Chumvi iliyoletwa na upepo wa bahari hukaa ndani ya konekta na kuvuta maji kutoka hewani. Wakati wa kaskazi inakauka na gari linakwenda. Wakati wa kusi inabaki imelowa usiku kucha. Pale umeme unapotakiwa upite, kutu ya kijani inauzuia. Pale usipotakiwa kupita, chumvi iliyolowa inaufungulia njia.

Pikapu za samaki ndizo zinazoumia zaidi. Barafu inayoyeyuka ikichanganyika na maji ya samaki inadondoka kutoka nyuma hadi kwenye chesisi, juu ya tangi, na kwenye nyaya zinazopita hapo. Zile zinazobeba chumvi Gongoni nazo ni hivyo hivyo. Kama gari lako lina kazi hiyo, anza ukiwa na shaka na nyaya za chini.

## Hatua ya 1: Andika kabla hujagusa kitu

Weka daftari ndani ya gari. Kila tukio likitokea, andika mambo haya papo hapo, kabla hujafungua boneti:

- Saa, na kama kuna mvua, umande au jua.
- Injini ilikuwa baridi, imeanza kupata moto, au moto kamili.
- Gari lilikuwa limesimama, kwenye lami, au kwenye barabara ya mashimo.
- Mafuta yalikuwa kiasi gani kwenye tangi.
- Ilizima ghafla au ilikohoa kwanza.
- Ilichukua muda gani hadi kuwaka tena.
- Ulifanya nini kabla yake: uliosha injini, ulipita kwenye maji, ulijaza mafuta.

Huenda ukaona ni kazi ya karani. Hata hivyo hii ndiyo hatua inayookoa pesa nyingi kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu. Tukio moja halisemi kitu. Matukio manne au matano yaliyoandikwa vizuri yanaanza kuonyesha sura moja.

Ukiweza, endesha gari hilo hilo siku hiyo hiyo kuelekea bara, kwa mfano njia ya Kakoneni na Langobaya, ambako hewa ni kavu zaidi. Likisumbua Malindi na Mambrui alfajiri, kisha likatulia huko bara mchana, unyevu unashukiwa. Likisumbua kote sawa, unyevu hauhusiki sana. Tazama mafuta na joto.

Utajua umefaulu ukiweza kusema sentensi moja kamili, kama hii: "Inamisi asubuhi ikiwa baridi baada ya usiku wa mvua, na ikipata moto inaacha." Kama bado unasema "inazima tu ovyo," endelea kuandika.

## Hatua ya 2: Soma kodi kabla ya kugusa betri

Kwa magari yenye kompyuta, hitilafu inayopita huacha alama hata taa ya injini ikiwa imezima. Ukichomoa betri, mara nyingi alama hizo zinafutika. Mafundi wengi huanza kwa kuchomoa waya wa betri, na hapo ushahidi unapotea.

Soma kodi, ziandike zote, na kama kifaa chako kinaweza, soma pia picha ya hali ya injini wakati kodi ilipoingia: mwendo, joto, mizunguko. Linganisha na daftari.

Kodi chache utakazokutana nazo: P0300 ni kumisi kusiko na silinda maalumu, na P0301 ni kumisi kwa silinda ya 1. P0335 inahusu njia ya umeme ya sensa ya krenki, ile inayosoma mzunguko wa injini. P0562 ni volti za gari kushuka chini. P0087 ni presha ya mafuta kuwa ndogo mno kwenye reli, bomba linalogawia injekta mafuta. P0171 ni injini kupata hewa nyingi mno na petroli kidogo.

Shika jambo hili: kodi inataja njia yenye matatizo. Haijasema kifaa kimekufa. P0335 inaweza kuwa sensa, na inaweza kuwa konekta ya sensa iliyojaa kutu ya kijani. Ukiona P0562, au ukiona kodi nyingi za sensa zisizohusiana zimeingia pamoja, usinunue sensa hata moja kabla ya kumaliza hatua ya 4.

Gari lisilo na kompyuta, kama Hilux ya 2L au 3L, ruka hatua hii.

## Hatua ya 3: Tazama dashibodi inapozima

Hapa unahitaji utulivu. Likianza kuzima, sogea pembeni ya barabara salama, acha ufunguo ukiwa umewashwa, utazame dashibodi kabla ya kupiga stata.

Kila kitu kimekufa: taa za dashibodi, redio, mshale. Umeme wote umekatika. Shuku vichwa vya betri, athi (waya wa hasi ya betri), fyuza kuu au swichi ya ufunguo. Ufunguo uliobeba rundo la funguo nyingine huichakaza swichi. Jaribu kuendesha ukiwa na ufunguo mmoja peke yake.

Taa ziko sawa, injini imekatika ghafla kama mtu aliyeizima kwa ufunguo. Kwa petroli ni umeme wa moto wa plagi, sensa ya krenki au relei (swichi ndogo ya umeme). Ukiwa bado unatembea kwenye gia na mshale wa mizunguko ukaanguka papo hapo hadi sifuri, sensa ya krenki au njia yake inakuwa ya kwanza kushukiwa. Kwa dizeli ya pampu ya kawaida, shuku koili ya kuzimia (inayofungulia na kukata dizeli) iliyo juu ya pampu, na waya wake.

Inakohoa, inakosa nguvu, inazima taratibu. Hayo ni mafuta: maji, hewa, filta iliyoziba au tangi lisilopumua.

Inamisi tu, haizimi, na ikipata moto inatulia. Kwa petroli ni plagi, waya za plagi, kifuniko cha distribyuta (kinachogawia plagi moto) au koili zilizopata unyevu. Kwa dizeli, plagi za moto (za kupasha silinda joto) zilizokufa zinaweza kufanya hivyo asubuhi, pamoja na moshi mweupe mwanzoni.

## Hatua ya 4: Betri na athi

Hapa tutakaa, kwa sababu kwenye magari ya mwambao hii ndiyo sehemu inayostahili lawama nyingi na inayopimwa mara chache.

Athi ni waya unaotoka kwenye hasi ya betri kwenda kwenye injini na kwenye bodi. Umeme wote uliofanya kazi hurudi betri kwa njia hiyo. Ikidhoofika, kompyuta inasoma sensa vibaya, koili inatoa moto dhaifu, relei zinaachia, na dalili zinatokea mahali palipo mbali kabisa na waya wenyewe.

Kwanza betri. Asubuhi kabla ya kuwasha, weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Betri iliyojaa inasoma karibu 12.6. Ikisoma 12.4 ina robo tatu hivi, 12.2 ni nusu. Mwenzako apige stata: isishuke chini ya 9.6. Injini ikishawaka, isome kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa, waipa na feni ya ndani. Ikishuka na kubaki karibu na 12.5, alternata (inayochaji betri) au mkanda wake hautoshi.

Sasa athi. Usitumie ule mlio wa mita wa kupima kama waya umeungana. Uzi mmoja wa shaba uliobaki ndani ya waya uliooza unatosha kuifanya mita ilie, lakini hauwezi kubeba mzigo wa stata. Athi ipimwe ikiwa kazini:

1. Zuia injini isiwake. Kwa dizeli ya pampu ya kawaida, chomoa waya wa koili ya kuzimia. Kwa petroli na D-4D, chomoa fyuza ya injini kufuatana na kifuniko cha kisanduku cha fyuza.
2. Ncha nyeusi ya mita ishike kwenye nguzo yenyewe ya hasi ya betri, ile risasi ya katikati. Usiweke kwenye klempu.
3. Ncha nyekundu ishike kwenye chuma kitupu cha injini, kisicho na rangi wala grisi.
4. Mwenzako apige stata kwa sekunde 5. Soma.

Kipimo kizuri ni chini ya volti 0.2. Kikizidi 0.5, umepata kosa hata kama si lile ulilokuwa ukilitafuta. Kisha pima kutoka hasi hadi bodi ukiwa umewasha taa kubwa: isizidi 0.1. Mwisho pima upande wa chanya, kutoka nguzo ya chanya hadi boliti nene ya stata wakati wa kupiga stata: isizidi 0.5.

Usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Ipumzishe dakika moja, la sivyo utaiunguza.

Jaribio la haraka la kebo za jampa. Kama hitilafu iko wazi wakati huo, unganisha kebo nyeusi kutoka hasi ya betri hadi chuma cha injini, mbali na mkanda na feni. Injini ikitulia hapo hapo, athi imejulikana.

Kusafisha. Fungua hasi kwanza, chanya baadaye. Ukirudisha, chanya kwanza na hasi mwisho. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utapata cheche kubwa pembeni mwa betri inayotoa gesi ya kulipuka. Osha vichwa kwa bekingi soda iliyochanganywa na maji ya uvuguvugu bila kuiruhusu iingie ndani ya betri, suuza, kausha, piga msasa hadi ung'ae, funga, ndipo upake vaselini juu. Vaselini ije baada ya kufunga.

Fuata kila waya wa athi hadi mwisho wake. Mara nyingi boliti imefungwa juu ya rangi, hasa gari likishapitia kwa mpiga rangi. Piga msasa hadi chuma kitupu. Minya waya karibu na kichwa chake: ukisikia unakatika ndani kama mchanga, au ukiuchubua kidogo ukaona unga wa kijani, ubadilishe. Kuongeza waya mpya mnene kutoka hasi hadi injini na mwingine hadi bodi ni gharama ndogo, nami nawashauri wenye pikapu za samaki wote waongeze.

Utajua umefaulu vipimo vikirudi chini ya viwango vile. Viandike na tarehe. Kisha endesha siku kadhaa kabla ya kuendelea, maana magari mengi huponea hapa.

## Hatua ya 5: Tikisa

Injini ikinguruma taratibu, shika konekta moja moja na uitikise kidogo, uvute kidogo. Fuata nyaya kutoka kompyuta au kisanduku cha fyuza hadi kwenye injini. Relei zigonge polepole kwa mpini wa bisibisi. Karibu na mkanda tumia kijiti kikavu cha mti, usiingize mkono. Waya za plagi usizishike injini ikiwa imewaka: zinabeba maelfu ya volti, na mwenye kifaa cha moyo asikaribie kabisa.

Injini ikishtuka au kuzima, rudia pale pale. Ikijibu mara tatu kwa mahali pale pale, umeikamata. Chomoa konekta, tazama ndani kwa tochi: pini zake zinatakiwa zing'ae. Zenye kijani au weusi zisafishe kwa spirei na mswaki, ukaushe, urudishe hadi usikie "tak".

Usisahau chini. Kwa pikapu za petroli, konekta ya pampu ya mafuta mara nyingi iko juu ya tangi chini ya bodi ya nyuma, mahali hasa ambapo maji ya chumvi yanadondokea. Tazama pia alama za meno: panya hupenda kulala juu ya injini yenye joto usiku wa mvua, na waya ni chakula chake.

Kwa dizeli ya pampu ya kawaida, washa ufunguo bila kupiga stata, kisha chomoa na kurudisha waya wa koili ya kuzimia. Lazima usikie koili ikigonga kila mara. Nati yake hulegea kwa mtetemo, na barabara ya mashimo inamaliza kazi hiyo haraka.

## Hatua ya 6: Nyunyizia maji (petroli)

Lengo ni kuleta unyevu kwa hiari yako badala ya kungojea mvua. Fanya usiku, mahali pa wazi pasipo na taa.

Injini ikinguruma, nyunyiza ukungu mwembamba wa maji juu ya waya za plagi, kifuniko cha distribyuta na koili, moja baada ya nyingine, ukingoja nusu dakika kati yake. Ukiona cheche za buluu zikiruka kutoka waya hadi chuma, au injini ikaanza kumisi, mkosaji amejitokeza.

Usinyunyizie alternata, kisanduku cha fyuza, kompyuta wala mlango wa filta ya hewa. Usimwage maji baridi kwenye manifoldi ya moshi yenye moto. Chuma cha kalibu kinapasuka. Na kwa sababu hizo hizo, acha kuoshesha injini kwa mashine ya presha.

Waya moja ikivuja, badilisha seti nzima, kwa kuwa zote zimezeeka pamoja. Kifuniko cha distribyuta kikiwa na mstari mweusi mwembamba kama unywele ndani yake, hakisafishiki tena, nunua kipya.

## Hatua ya 7: Mafuta

Maji. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji hukaa chini. Gari likilala na tangi nusu kwenye hewa yenye unyevu, maji hujitengeneza ndani. Na dizeli ya kununua kwenye mitungi huja na maji yake. Fungua kizibo kilicho chini ya filta, kinga kwenye chupa safi, uiache itulie dakika 10. Ukiona tabaka mbili, ya chini ni maji. Endelea kumwaga hadi itoke dizeli tupu, kisha piga pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu. Maji yakirudi baada ya siku chache, lazima tangi literemshwe na kuoshwa. Usiyapuuze: yanatafuna pampu na nozo, na huko ndiko kwenye gharama kubwa. Dizeli chafu ipeleke gereji. Usiimwage mchangani karibu na kisima wala kwenye mikoko.

Hewa (dizeli ya pampu ya kawaida). Kutoka tangi hadi pampu, dizeli inavutwa, haisukumwi. Kwa hiyo mpira uliopasuka unaweza kuvuta hewa bila kuvujisha tone nje, na ndiyo maana watu hawauoni. Funga ule mrija unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu, toa hewa kwa pampu ya mkono, washa. Povu dogo mwanzoni ni kawaida. Likiendelea baada ya dakika chache, hewa inaingia: badilisha mipira na klempu, na kagua kichwa cha filta na pampu yake ya mkono.

Onyo kwa D-4D na dizeli zote za aina hiyo: usilegeze bomba lolote la chuma la presha ya juu. Presha humo inapita baa 1,000, na dizeli inayochuruzika kwa presha hiyo inapenya ngozi hadi ndani ya nyama. Likitokea, ni la hospitali mara moja hata kama kidonda kinaonekana kama tundu la sindano. Kwenye gari hizi ishia kwenye filta.

Tangi lisilopumua. Likizima baada ya kilomita kadhaa na kuwaka ukilipumzisha, fungua kifuniko cha tangi mara tu linapozima. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu, tundu la kupumulia limeziba, pengine kwa udongo wa nyigu. Lizibue.

Pampu ya petroli. Mtu asikilize karibu na tangi. Magari mengi pampu huvuma sekunde chache ufunguo unapowashwa, ila Toyota nyingi za zamani hazivumi mpaka upige stata. Usiihukumu kwa ukimya huo.

## Hatua ya 8: Joto

Ukifika hapa na gari linazima likiwa moto kisha linawaka baada ya kupoa nusu saa, kwa petroli shuku sensa ya krenki, koili au pampu ya mafuta. Injini ikiwa imezima na imekataa kuwaka, weka kitambaa kilicholowa maji baridi juu ya sensa ya krenki kwa dakika chache, ukikwepa bomba la moshi. Ikiwaka mara moja, na P0335 iko kwenye daftari lako, sasa una haki ya kununua sensa.

## Hatua ya 9: Tengeneza kimoja, kisha jaribu

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ukibadilisha vitatu pamoja na gari likapona, hujui ni kipi, na likirudia utaanza upya.

Jaribio liwe katika hali ile ile iliyoandikwa kwenye daftari. Kama lilizima alfajiri baada ya mvua, safari ya saa 8 mchana kwenda Watamu haithibitishi kitu. Livushe Sabaki saa 12 asubuhi hadi Gongoni na kurudi, likiwa limelala nje, likipita kwenye hali hiyo mara nyingi kuliko ilivyokuwa ikichukua kuzima. Kama lilikuwa likizima karibu kila asubuhi ya pili, wiki mbili safi ni jibu. Kama lilikuwa mara moja kwa mwezi, daftari libaki garini kusi nzima.

## Ukilazimika kwenda kwa fundi

Zipo kazi zisizo za nyumbani: kupima injekta, kufungua pampu ya dizeli, presha ya D-4D, kutengeneza kompyuta. Na kama gari linazima likiwa kwenye mwendo, usilipakie abiria wala kulipeleka barabara kuu ya Mombasa kabla halijapona, kwa kuwa usukani unakuwa mzito na breki zinapoteza msaada wake mara injini inapozima.

Mpelekee fundi karatasi moja: ile sentensi ya hatua ya 1, kodi zote, volti za betri, vipimo vya athi, na ulichokwisha kukibadilisha. Mwambie kwa heshima, "Bwana fundi, naomba tulisubiri lizime kwanza kabla ya kufungua kitu," na ukubali kuliacha kwake lilale nje. Mkubaliane kabla ya kazi kwamba atakurudishia kifaa cha zamani, na kwamba baada ya kutengeneza atapima mbele yako mahali pale pale kwa mita ile ile, mwandike namba mpya chini ya ile ya zamani.